Kijito chetu kinakauka ingawa tumepanda miti: tuanzie wapi upya?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Mimi ni katibu wa kikundi cha kutunza kijito katika kijiji kimoja cha milimani, wilaya ya Lushoto. Tulianza watu kama thelathini baada ya bomba la kijiji kukauka wakati wa kiangazi. Tumepanda miche kando ya kijito misimu miwili. Mingi imeliwa na ng'ombe, mingine imeng'olewa usiku na wenye bustani za kabichi na nyanya. Tulikwenda kwa mtendaji, wakatozwa faini, na tangu hapo hata salamu zimekuwa za shida. Iliyopona ni mikaratusi tuliyopewa bure. Maji yanazidi kupungua, na vikaoni tunafika watu wachache tu. Wengine wanasema tusajiliwe ili tupate wafadhili. Tumekosea wapi, na tuanzie wapi upya?

JIBU: Marahaba, katibu. Nitatangulia na jibu lenyewe, kisha nieleze sababu. Simamisheni kwa msimu mmoja upandaji wa miti kingoni, na simamisheni kupelekana kwa mtendaji. Anzeni kupima maji. Kisha kaeni na wenye bustani kama wenzenu wa kazi hii, si kama washtakiwa. Halafu pandisheni kazi yenu mlimani, kwenye mashamba ambayo mvua inateremka bila kuzama. Usajili uje baada ya hapo. Wafadhili, kama watakuja, waje wakute kazi inaendelea.

Maji mnayoyaona kijitoni mwezi wa Septemba hayakuletwa na mvua ya Septemba. Ni mvua ya masika, ya Machi hadi Mei, iliyozama katika udongo wa mlima na kushuka polepole chini kwa chini hadi kwenye chemchemi. Mlima ni mtungi wenye tundu dogo kitakoni: unachotiririsha kiangazi ni kile ulichojazwa masika. Chukua hekta moja ya shamba la mteremko. Mvua ya milimita 50 ikinyesha kwa siku moja, hekta hiyo imepokea mita za ujazo 500, yaani lita 500,000. Kama udongo ni laini, una mboji na umefunikwa na majani, sehemu kubwa ya maji hayo huzama. Kama umelimwa kufuata mteremko, uko wazi na umepigwa na jua hadi ukagandamana, sehemu kubwa hukimbia, hufika kijitoni ndani ya saa chache ikiwa na rangi ya udongo, na kesho yake iko njiani kwenda Mkomazi na Pangani. Hesabu hekta zote zinazomwaga maji kwenye kijito chenu, eneo ambalo wataalamu wa maji hapa kwetu huliita kidakio, na utaona kwamba miche mia mbili kingoni haiwezi kubadilisha hesabu hiyo, hata kama ingepona yote.

Nalisema hili kwa mkazo kwa sababu vikundi vingi vimefundishwa kwamba mti unaleta maji. Mti hunywa maji. Msitu wa asili unalinda vyanzo kwa sababu ya mambo mengine: majani yaliyooza chini yake yanapokea mvua bila udongo kupigwa, mizizi inafungua njia za maji kuzama, na hakuna anayelima humo. Kwenye vilele vyenye ukungu kama Magamba kuna nyongeza, kwani majani hunasa matone ya ukungu na kuyadondosha chini. Lakini mche mmoja mmoja kando ya maji, juu yake kukiwa na mteremko uliolimwa wazi, unashikilia ukingo usibomoke, na hiyo ndiyo kazi yake kubwa. Ni kazi nzuri, ila haitajaza bomba lenu.

Sasa kupima. Kikundi kisichopima hujadiliana kwa hisia: mmoja anasema chemchemi inakufa, mwingine anasema watu wa juu wanatuibia, na kila mmoja ana ushahidi wa macho yake. Mnahitaji ndoo ya lita 20, simu yenye saa ya kuhesabu sekunde, na daftari. Chagueni sehemu mbili. Ya kwanza iwe juu ya bustani zote, karibu na chemchemi. Ya pili iwe chini ya bustani, kabla ya banio la bomba la kijiji, yaani pale maji yanapozuiwa na kuingizwa bombani. Panapowezekana, elekezeni maji yote yapite kwenye kipande cha bomba au gamba la mgomba, mkinge ndoo na kuhesabu sekunde hadi ijae. Ndoo ikijaa kwa sekunde 8, mna lita 2.5 kwa sekunde, sawa na lita 216,000 kwa siku. Rudieni mara tatu, mchukue wastani.

Kijito kikiwa kikubwa kuliko ndoo, tumieni chungwa. Pimeni mita 10 za sehemu iliyonyooka, dondosheni chungwa juu, hesabuni sekunde hadi lifike chini. Tuseme limechukua sekunde 25. Kasi ni mita 0.4 kwa sekunde. Upana wa maji ni mita 1.2, kina cha wastani ni mita 0.15. Zidisheni vyote vitatu, kisha mzidishe kwa 0.8 kwa sababu maji ya juu hukimbia kuliko ya chini. Mnapata karibu mita za ujazo 0.058, yaani lita 58 kwa sekunde. Si kipimo cha maabara, lakini mkikirudia mahali pale pale kila wiki, asubuhi na mapema kabla pampu hazijawashwa, kisha tena alasiri, mtakuwa na kumbukumbu ambayo vijiji vingi havina.

Daftari hilo litawapa jibu la swali ambalo ndilo chanzo cha ugomvi wenu. Ikiwa sehemu ya juu imepungua sana tangu Juni, tatizo ni mlima wenyewe: mvua haizami. Ikiwa sehemu ya juu iko vizuri lakini ya chini inakauka alasiri na kurudi usiku, tatizo ni mgao. Pampu ndogo ya petroli huweza kuvuta lita 5 kwa sekunde bila shida. Kijito chenye lita 12 kwa sekunde asubuhi, pampu mbili zikiwashwa kwa pamoja, kinabaki na lita 2, na watu wa chini wataamini kwamba chemchemi imekufa. Mgao unaweza kurekebishwa ndani ya mwezi mmoja kwa makubaliano. Mlima unahitaji miaka. Mkitibu tatizo la mgao kwa dawa ya mlima, mtachoka kabla ya kuona matokeo, na ninahisi hapo ndipo wanachama wenu wengi walipokata tamaa.

Ongezeni vipimo viwili vya bei rahisi. Baada ya kila mvua kubwa, jazeni chupa ya lita moja maji ya kijito, iacheni imesimama hadi kesho yake, mpime kwa rula tope lililotulia chini. Na mara moja kwa mwezi geuzeni mawe kijitoni muone wadudu walioko. Panapopatikana kaa wa mtoni na viluwiluwi vya wadudu vya aina nyingi vilivyoshika mawe, maji yana hali njema. Mkikuta vijidudu vyekundu kama nyuzi kwenye tope na si kingine, kuna uchafu au dawa. Kwenye mabonde ya mboga watu huosha mabomba ya kupulizia dawa kijitoni, na wa chini wanachota kunywa. Jambo hili moja lishughulikieni mapema, maana halimnyang'anyi mtu ardhi wala kipato: mnachimba shimo la kuoshea mbali na maji, mnakubaliana, basi. Kikundi kinachohitaji ushindi wa kwanza kiutafute hapo.

Nije kwa wenye bustani. Wewe unaishi Usambara, kwa hiyo wazee wa kijijini kwako wana kumbukumbu ya jambo hili kuliko mimi. Waingereza walianzisha mpango wa kurekebisha ardhi Mlalo mwaka 1946, wakaupanua kuwa mpango wa Usambara mwaka 1950. Watu walilazimishwa kulima matuta kwenye miteremko, asiyefanya akapigwa faini. Kitaalamu matuta yale hayakuwa upuuzi; mmomonyoko ulikuwepo kweli. Lakini yalikuja na amri na adhabu, yalikula nguvu kazi za wanawake wakati wa msimu, na yalichukuliwa kuwa njia ya serikali ya kikoloni kushika ardhi. Wasambaa waliyakataa, TANU, chama cha kupigania uhuru, ikabeba malalamiko yao, na mwaka 1957 mpango ukafutwa. Uluguru ilikuwa vilevile, tena kwa damu: ghasia za Matombo za Julai 1955 zilitokana na matuta ya lazima. Kuanzia mwaka 1981, mradi wa SECAP ulirudi Lushoto na shabaha ileile ya kuzuia mmomonyoko, lakini kwa majani ya kulisha ng'ombe na miti iliyochanganywa na mazao, na alama zake bado zinaonekana mashambani. Mteremko ulikuwa uleule. Kilichobadilika ni nani aliyeona faida.

Faini mliyowatoza ilikuwa halali, siwalaumu. Ila imewaweka kwenye nafasi ya yule bwana shamba wa mwaka 1950, na hamna polisi wala mshahara wake.

Kuhusu miche kung'olewa usiku, kuna jambo ambalo mara nyingi halisemwi kikaoni. Katika sehemu nyingi za nchi yetu, kupanda mti ni kuweka alama ya umiliki. Aliyekodi kipande cha bonde kwa msimu hawezi kupanda mti, mwenye ardhi atamfukuza. Na mwenye ardhi akiamka akakuta kikundi kimepanda miti kwake, haoni hifadhi, anaona mpaka mpya. Kabla hamjapanda tena hata mche mmoja, andikeni kwa kila kipande: nani mwenye ardhi, nani anayelima, amekodi au amerithi, na mti ukikua utakuwa wa nani. Andikeni hivyo mbele ya mwenyekiti wa kitongoji, waweke saini. Mti ukiwa wa mwenye shamba kwa maandishi, ataulinda yeye mwenyewe dhidi ya ng'ombe wa jirani.

Msiwaite ofisini. Nendeni bondeni wakiwa kazini, muwe wachache, mkiwa na daftari la vipimo. Anzeni kwa kuuliza: maji yenu wiki gani yanakuwa hayatoshi? Nakuhakikishia wa katikati wanalalamika kuhusu wa juu, kama ninyi mnavyowalalamikia wao. Hapo ndipo mnapopata mlango wa kuingilia, kwa sababu ratiba ya zamu inamnufaisha hata mwenye pampu. Pangeni siku na saa, na mkubaliane kiasi ambacho hakiguswi kamwe, yaani maji ya kunywa ya kijiji pamoja na kidogo cha kukifanya kijito kiendelee kuwa kijito. Wekeni kijiti chenye alama kwenye banio: maji yakishuka chini ya alama, pampu zote zinazimwa hadi yapande. Kijiti kinaonekana na kila mtu na hakimpendelei yeyote.

Jirani zenu Wapare wana kitu cha kuiga hapa. Ndiva zao ni mabwawa madogo yanayokinga maji ya mfereji usiku, yakafunguliwa mchana kwa zamu, na kwa vizazi vingi zimesimamiwa na wakulima wenyewe. Kijito hutiririka usiku kucha wakati pampu zimelala. Bwawa dogo la pamoja pembeni ya bustani, hata la kuchimbwa na kutandikwa turubai, linachukua maji ya usiku na kupunguza vita vya mchana. Kwa kuwa maji hayo ni ya umwagiliaji, ulizeni kwanza ofisi ya Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani kuhusu kibali.

Sasa kazi kubwa yenyewe: mashamba ya juu. Hapa msitafute ufundi mgumu. Tengenezeni fremu A: fito mbili za mita 2 zilizofungwa juu, ya tatu imefungwa katikati kama mlalo wa herufi hiyo, na uzi wenye jiwe unaoning'inia kutoka juu. Isimamisheni mahali, wekeni alama uzi unapogusa mlalo. Geuzeni miguu, wekeni alama tena. Katikati ya alama mbili ndipo usawa ulipo. Tembeeni nayo kwenye mteremko, uzi ukae katikati kila hatua, na pigeni vigingi kila mguu unapogusa. Mnapata mstari wa usawa ambao maji hayawezi kukimbilia upande wowote. Shukeni mpaka muwe chini ya mstari huo kwa takriban kimo cha mtu, chora mstari mwingine. Mteremko ukiwa mkali mistari inakaribiana, ukiwa wa wastani inaachana.

Kwenye mistari hiyo pandeni majani marefu ya malisho, Guatemala au mabingobingo, safu mbili zilizobanana. Hamjengi tuta siku ya kwanza. Majani yanashika udongo unaoteremka, na baada ya misimu michache tuta linajiumba lenyewe nyuma yake. Anayetaka kwenda haraka achimbe mfereji mfupi kufuata mstari na kutupa udongo upande wa juu, ile njia ya fanya juu iliyosambaa sana Ukambani. Maji yanasimama mferejini na kuzama. Na majani ndiyo chakula cha ng'ombe wa ndani. Hii ndiyo sababu nayapendelea kuliko miti kwa kuanzia: mama mwenye ng'ombe mmoja wa maziwa anaacha kutembea mbali kukata majani, na ng'ombe anaacha kushuka kijitoni kula miche yenu. Mnatatua mambo mawili kwa kazi moja, na wa kwanza kuona faida ni yule aliyeshika jembe.

Anzeni na mashamba matano tu ya watu walio tayari, yawe kando ya njia inayopitwa na wengi. Msigawe vipando bure bila masharti. Aliyepewa arudishe vipando idadi ileile baada ya mwaka, viende kwa mwingine.

Jambo lingine ambalo vikundi hulisahau ni barabara na njia za miguu. Masika ijayo vaeni makoti mkatembee mvua ikinyesha, mfuate maji yenye tope kwa macho hadi yanakotoka. Mara nyingi tope jingi linatoka kwenye mtaro wa barabara unaomwaga maji yote kwenye karavati moja, au njia ya ng'ombe iliyogeuka korongo, na si shamba la mtu yeyote. Kukata vijitaro vya kugawa maji ya barabara kila baada ya hatua kadhaa na kuyapeleka kwenye shamba la migomba ni kazi ya msaragambo, yaani kazi ya pamoja ya kijiji, ya siku moja. Mwenye shamba mara nyingi atafurahia kupata maji hayo.

Mikaratusi. Najua itauma, kwa sababu ndiyo pekee iliyopona. Ilipona kwa sababu inakua haraka na ng'ombe hawaipendi, na kwa sababu hizohizo haifai karibu na chemchemi: inanyonya maji mengi kadiri inavyokua, na chini yake majani mengine huota kwa shida. Iliyo jirani na chemchemi na kingoni itoeni mapema, ingali midogo. Ikikatwa inachipua tena, kwa hiyo menyeni gome la kisiki hadi chini ya udongo na kuendelea kung'oa machipukizi. Msiikate yote siku moja mahali ambapo ukingo ni mbovu. Kwanza pandeni majani ya kushika udongo. Mtu anayetaka mikaratusi ya nguzo na kuni aipande kwenye mgongo wa mlima mkavu, mbali na maji. Kingoni rudisheni miti ya asili ambayo wazee wanaikumbuka ikiwa hapo: mikuyu, mizambarau mwitu, miringaringa, pamoja na migomba upande wa shamba. Waulizeni wazee wawaonyeshe kwa majina ya Kisambaa, wanajua kuliko kitabu chochote kilichoandikwa mjini. Kuzunguka chemchemi yenyewe mnaweza hata kuacha kupanda. Wekeni uzio, zuieni mifugo na moto, na mbegu zilizolala udongoni zitafanya kazi. Mizinga ya nyuki ndani ya uzio huo inawapa sababu ya kuutembelea na kipato kidogo.

Sheria ninaiweka baada ya haya yote, ingawa watu wengi wangeanza nayo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu au za kuharibu ndani ya mita 60 kutoka kwenye mto au chanzo cha maji. Piga hesabu uone uzito wake kwenu. Mita 60 kila upande ni mita 120. Kilomita moja ya kijito ni hekta 12. Kwenye bonde la Lushoto, ambapo kaya nyingi zina vipande vidogo na kile cha bondeni ndicho kinacholipa ada ya shule, hekta 12 ni maisha ya kaya nyingi. Kikundi hakina mamlaka ya kumruhusu mtu kulima ndani ya mita hizo, na msijaribu kuandika ruhusa ya namna hiyo. Mnachoweza ni kupanga njia ya kutoka pamoja na afisa mazingira wa wilaya na watu wa bodi ya bonde: mwaka wa kwanza chemchemi zote zinafungwa kabisa, sambamba na hapo jembe linaondoka kwenye ukanda ulio karibu kabisa na maji, panaingia majani ya kukata, kisha ukanda unapanuka kadiri mashamba ya juu yanavyoboreshwa na kaya zinavyopata njia nyingine. Makubaliano haya myageuze kuwa sheria ndogo ya kijiji: halmashauri ya kijiji inaipendekeza, mkutano mkuu wa kijiji unaijadili, halmashauri ya wilaya inaidhinisha. Faini iliyotungwa na wanaotozwa ina uzito tofauti kabisa na ile mliyoitumia. Na itumieni kwa yule anayevunja makusudi baada ya kukubali, hasa akiwa mkubwa mwenye pampu tatu. Mkimwacha huyo mkamtoza mjane, kazi yote imekwisha.

Usajili sasa. Kuna vyombo viwili ambavyo watu huvichanganya. Kinachosimamia mabomba na bili za maji kijijini ni chombo cha watoa huduma ya maji ngazi ya jamii, CBWSO, chini ya RUWASA, wakala wa maji vijijini, na Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira ya mwaka 2019. Ninyi hamtaki hicho. Mnachotaka ni Jumuiya ya Watumia Maji chini ya Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009, ambayo kazi yake ni rasilimali yenyewe: kugawana maji, kusuluhisha migogoro, kulinda chanzo, na kuwawakilisha watumiaji mbele ya bodi. Tanzania ina mabonde tisa na ninyi, kwa kuwa maji yenu yanashuka Mkomazi, mko chini ya Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani, iliyoanzishwa mwaka 1991. Waandikieni, waje wawasaidie kutunga katiba. Kuchota kwa matumizi ya nyumbani hakuhitaji kibali, lakini mifereji na pampu za bustani vinahitaji kibali cha matumizi ya maji. Jumuiya inaweza kuwasaidia wakulima kuvipata badala ya kila mmoja kujificha. Hakikisheni wenye bustani, wenye bomba la kijiji na kijiji cha chini yenu wote wana viti kwenye uongozi. Jumuiya ya watu wa upande mmoja ni kikundi kilekile chenye mhuri. Na CBWSO yenu ialikeni, kwa sababu ikikosa maji haina cha kuuza. Kuna haki ya kuiomba itenge kiasi kidogo cha mapato yake kila mwezi kwa ajili ya chanzo.

Hiyo ndiyo fedha ninayoiamini zaidi: ya anayekunywa maji ya chini, kwenda kwa anayetunza juu. Mnao mfano katika mkoa wenu. Jiji la Tanga hunywa maji ya mto Zigi kupitia bwawa la Mabayani, na mamlaka ya maji ya Tanga imeshirikiana na UWAMAKIZI, umoja wa wakulima wa Kihuhwi na Zigi huko Usambara Mashariki, katika kulinda mto huo. Mwaka 2024 mamlaka hiyo iliuza hatifungani ya kijani, yaani hati ya kukopa fedha kwa miradi ya mazingira, ya shilingi bilioni 53.12, watu wa fedha nao wameanza kuelewa kwamba bomba lina mwanzo wake mlimani. Uluguru, kuanzia mwaka 2006, mashirika ya CARE na WWF yalijaribu mpango ambao DAWASCO, iliyokuwa ikisambaza maji Dar es Salaam, na kampuni ya soda ziliwalipa wakulima wa Kibungo waliotengeneza matuta na kuchanganya miti na mazao, kwa ajili ya maji ya Ruvu. Kenya, wakulima wa juu wa mto Turasha walipata vocha za pembejeo kutoka kwa watumiaji wa maji wa Naivasha, wakiwemo wenye mashamba ya maua, kwa sharti la kutunza kingo na kupanda majani kwenye miteremko. Katika mipango yote hiyo mlipaji aliuliza swali moja: mtanionyeshaje kwamba kitu kimebadilika? Daftari lenu la ndoo na chupa ya tope ndilo jibu. Kikundi chenye vipimo vya miaka miwili kinaongea na bodi, mamlaka au mfadhili kwa sauti nyingine kabisa.

Kuhusu wanachama kupungua, msihangaike sana na idadi ya vikao. Punguzeni vikao, ongezeni kazi za mikono zinazoisha siku hiyohiyo na kuonekana. Mpeni kila mtu jambo lake: kijana mwenye simu apime, mama mwenye ng'ombe asimamie vipando, mzee ashike mpango wa miti ya asili. Mwenye pampu kubwa kuliko wote mumwombe asimamie ratiba ya zamu. Akikubali, nusu ya ugomvi imekwisha. Kila mwezi bandikeni vipimo ubaoni ofisi ya kijiji na kwenye mlango wa msikiti na kanisa, kwa namba kubwa. Msianze na posho, kwa sababu siku inapokatika watu nao wanakatika.

Kwa ratiba: kuanzia wiki hii hadi mwisho wa kiangazi pimeni, orodhesheni vipande vyote vya bondeni na wenyewe, na wekeni ratiba ya pampu. Fremu A na mistari kwenye mashamba matano iwe tayari kabla ya vuli, majani yapandwe mvua za kwanza za Oktoba au Novemba zinapolainisha udongo. Januari, joto likiwa kali na mboga zikihitaji maji mengi, ndipo ratiba ya zamu itakapojaribiwa. Wekeni kikao cha dharura tayari. Masika tembeeni na mvua kutafuta tope. Juni ijayo, mkiwa na vipimo vya karibu mwaka mzima, andikeni barua kwa bodi ya bonde mkiambatisha nakala za daftari, na mimi mnitumie nakala moja nizisome pamoja nanyi.